Wakili Aliyetukosesha Nyumba

Wini, mama,

Leo mchana nimekusikia ukiongea na simu kule uani. Sikukusudia kusikiliza, ila ulikuwa umepaza sauti, na wewe si mtu wa kupaza sauti. Ulikuwa unamwambia wakili wako wa Njombe kwamba anakuchelewesha, kwamba hati ameshaiona, watu wa ardhi wameshajibu kuwa nyumba haina deni wala kesi, sasa anamtafutia nini tena mke wa muuzaji huko Makete. Ukakata simu. Halafu ukampigia muuzaji mwenyewe, mkacheka kidogo, na nikakusikia ukisema, “Kama wakili wako anaweza kumaliza wiki hii, basi mimi nahamia kwake.”

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini nikaingia chumbani, na ulipoingia kunitafuta ukadhani nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa natafuta jinsi ya kukwambia jambo ambalo sijawahi kukwambia, na kila nikijaribu kulianza kwa mdomo naishia kuzungumza mambo mengine. Ndiyo maana naandika. Kesho asubuhi unapanda basi la Njombe, na safari hii si ya kwenda na kurudi kama zile za chuo. Kazi yako iko kule, maisha yako yanahamia kule. Mambo ya kuvaa sweta na kula kwa wakati sikuandikii. Wewe ni muuguzi, mimi ndiye unayeniambia nile nini.

Nakuandikia kuhusu mama yako na nyumba.

Unajua kwamba mama yako alifariki tukiwa wapangaji. Usichojua ni kwamba tulibakiza kidogo sana tuwe na kwetu. Labda unakumbuka siku moja tulikupeleka kuona nyumba hapa hapa Mfaranyaki, yenye kibaraza cha saruji nyekundu na mpera nyuma. Ulikuwa darasa la pili. Ulikimbia ukapita vyumba vyote, ukasimama katika kile cha mwisho ukasema, “Hiki changu.” Mama yako akacheka mpaka akajishika kiuno. Baada ya siku hiyo hatukuitaja tena ile nyumba, nawe uliuliza mara moja mbili, ukaona nyuso zetu, ukaacha.

Wakati ule tulikuwa na vyumba viwili kwenye nyumba ya watu wengi, choo kimoja, bomba moja. Mama yako alikuwa anauza dagaa wa Nyasa pale sokoni. Mimi kazi yangu ilikuwa hii hii, kuchomelea mageti na madirisha. Nilikuwa natoka asubuhi kwenda kupima madirisha ya sebule za watu, jioni narudi kwenye chumba ambacho siwezi kupigilia msumari ukutani bila kumwomba mwenye nyumba. Mama yako hakulalamika. Mimi ndiye nililalamika. Kwa hiyo tulipofikia pahali tukaona tunaweza kununua, si mimi wala yeye aliyelala vizuri kwa furaha.

Dalali mmoja, Kasimu, ndiye aliyetuletea ile nyumba. Mwenyewe alikuwa dereva wa malori, anaitwa Fidelis, mtu mcheshi, mwepesi wa kukukaribisha soda. Alisema anahamia Mbeya na hataki usumbufu wa kupangisha. Hati ilikuwa na jina lake peke yake. Kasimu akasema wakili yupo, ni huyo huyo anayemshughulikia Bwana Fidelis, tutachangia gharama, mambo yataisha upesi. Mimi nikaona mwanga. Nikamwambia mama yako jioni ile, akaacha kuchambua dagaa.

“Siku tukitofautiana na muuzaji,” aliniuliza, “huyo wakili atakuwa upande wa nani?”

Nikamwambia hatutatofautiana.

“Kama hatutatofautiana, basi wakili wa nini?”

Mama yako hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alikuwa amekaa sokoni miaka mingi na alijua kwamba mtu hawezi kuwa mnunuzi na muuzaji wa fungu moja. Akaenda kuwauliza wanawake wenzake. Mama mmoja aliyekuwa na meza ya nyanya jirani naye alikuwa ameshapitia kesi ya kiwanja, akamwelekeza kwa wakili Salome. Alimwambia hivi: “Yule atakwambia na lile usilotaka kusikia.” Mama yako alinirudishia maneno hayo kama sifa. Mimi sikuyasikia kama sifa.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la simu. Alikuwa kijana, mwembamba, anaongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Tulipokaa alichukua simu yake akaitia kwenye droo. Mimi nilitegemea aulize nyumba ni bei gani. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Sasa hivi nani analala kwenye hiyo nyumba?”

Nikamwambia Bwana Fidelis.

“Peke yake?”

Nikasema nadhani.

“Ana mke?”

Nikamwambia hayo ni mambo yake, sisi tunanunua nyumba. Akaniangalia bila hasira, akaandika kitu, akasema, “Nyumba wameishi watu, baba. Lazima nijue ni akina nani.”

Wini, nakwambia haya kwa sababu na wewe unaye mtu wa namna hiyo na unataka kumwacha. Mawakili wengi watakusomea karatasi, na karatasi lazima zisomwe, nisikudanganye. Salome naye alizisoma. Alikwenda ofisi ya ardhi, akapitia serikali ya mtaa, akatembea mipaka ya kiwanja kwa miguu yake akiwa na viatu vya ofisini. Kila kitu kilikuwa safi. Ila alipomwita Bwana Fidelis na kumuuliza habari ya mke, yule bwana alicheka akasema, “Ah, tulishaachana.”

“Mlipewa talaka?”

“Si hivyo. Yeye yuko kwao kule, mimi niko huku. Muda mrefu sasa.”

“Basi bado ni mke wako,” Salome akasema. “Nyumba mliyoishi pamoja huwezi kuiuza bila yeye kukubali. Anaishi wapi?”

Akasema Maposeni. Alilisema jina la mahali kama mtu anayetema mbegu.

Kazi ya kwenda Maposeni ilikuwa ya wakili. Mama yako akasema na yeye anakwenda. Na kwa kuwa yeye alikwenda, nami nilikwenda, hasa kwa sababu nilitaka kuhakikisha hakuna kitu kinaharibika. Tulikwenda kwa kigari kidogo cha Salome, mimi mbele, mama yako nyuma amepakata mfuko wa dagaa, kwa sababu hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu.

Yule mke anaitwa Otilia. Tulimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya wakwe zake, anapukuchua mahindi. Alikuwa mkubwa kidogo kwa mama yako. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akainuka haraka, akapangusa viti, akatuletea togwa kwenye vikombe vya bati. Alikuwa anatabasamu, Wini. Hilo ndilo nisilolisahau. Alitabasamu kwa namna ya mtu aliyekuwa anawasubiri wageni hao hao.

Kabla wakili hajafungua mdomo, akauliza, “Amewatuma mnichukue? Mama mkwe alishafariki, arobaini ilipita, nikasema sasa atakuja mwenyewe au atatuma watu. Nianze kufunga mizigo?”

Mama yako aliinamisha kichwa.

Ndipo tukaelewa. Hawakuachana. Mume alikuwa amempeleka Maposeni kumuuguza mama yake, na yeye alikuwa amemuuguza mpaka akamzika, na bado alikuwa anasubiri kurudishwa nyumbani kwake. Tofali za ile nyumba alikuwa amezifyatua yeye pamoja na mume wake. Alitueleza hivyo bila kuulizwa, akituonyesha kwa mikono jinsi walivyopanga tanuri, kabla hajajua kwa nini tumekuja.

Salome alimwambia. Alimwambia kwa Kingoni, taratibu, na alimwambia yote, hata kwamba sisi ndio wanunuzi. Niliona uso wa yule mama unavyobadilika na nikaangalia pembeni. Aliketi tena kwenye mkeka, akachukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo na hakuna sauti nyingine. Halafu akamtazama mama yako.

“Ni wewe unayenunua?”

“Ndiyo, mama.”

“Una watoto?”

“Mmoja. Wa kike.”

Akatikisa kichwa. “Chumba cha mwisho usimlaze mtoto upande wa dirisha. Mvua ikija na upepo inapenya juu pale. Nilimwambia azibe, hakuziba.”

Mama yako akaanza kulia. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu, kwamba huyu mama keshatupa nyumba, maana anatueleza pa kumlaza mtoto. Sasa naona aibu, lakini ndivyo nilivyofikiria.

Salome akamuuliza, “Mama, unakubali iuzwe?”

“Mimi nimeulizwa leo,” Otilia akasema. “Kwani nikiulizwa naweza kujibu hata hapana?”

“Unaweza.”

Akaweka hindi chini. “Basi hapana.”

Salome akamshukuru. Akaeleza kwamba hatalazimishwa, na kwamba akitaka msaada wa kisheria upo hata kwa asiye na kitu, akamwandikia mahali pa kwenda. Mama yako akatoa ule mfuko wa dagaa. Otilia akaupokea kwa mikono miwili akampa maboga. Tukaondoka.

Njiani nilimfokea yule wakili. Nilimwambia, “Wewe ni wakili wa aina gani, unayemtafutia mteja wako hasara? Nani alikutuma kumwambia anaweza kukataa?” Alikuwa anaendesha, hakugeuka. Akasema, “Mmenipa kazi ya kuwanunulia nyumba, baba. Ile pale haiuzwi. Anayeiuza ni nusu ya wenyewe.” Nikamwambia anishushe niende kwa miguu. Hakunishusha. Tulifika Songea nikafungua mlango nikaenda zangu bila kumuaga.

Kesho yake Kasimu alikuja karakana. Alishasikia. Alisema mambo madogo hayo, yuko yule wakili mwingine, Bwana Fidelis ataapa kwamba hana mke, nani atamfuata mwanamke wa Maposeni? Ila tufanye haraka, kuna mtu mwingine ameshaanza kuulizia. Nilikubali pale pale, mikono ikiwa na masizi. Nilimwambia tukutane jioni.

Nilipomweleza mama yako, alikuwa anakukata kucha. Akamaliza, akakutuma nje.

“Siwezi,” akasema.

“Huwezi nini? Sheria inaruhusu, kuna wakili anasaini.”

“Sheria umeisikia jana. Mimi nimekunywa togwa yake, Baba Wini. Nikilala mle nitakuwa namsikia anauliza kama afunge mizigo.”

Tulibishana mpaka sauti zikatoka nje, majirani wakanyamaza kusikiliza. Nilimwambia kila kitu. Kwamba nimechoka. Kwamba kila mtu anajinunulia na sisi tunajali machozi ya watu tusiowajua. Na yeye alikuwa hajibu, anakunja nguo zako tu, anazikunja zilizokwisha kukunjwa. Kutojibu kwake kukaniwasha zaidi. Ndipo nikasema, “Haya. Basi utakufa mpangaji.”

Aliacha kukunja. Alinitazama kama mtu anayehakikisha kama amesikia sawasawa. Halafu akaendelea na kazi yake.

Sikumwomba msamaha. Jioni ile sikwenda kwa Kasimu, kwa hiyo nikajiona nimefanya ya kutosha. Tukaishi. Alinipikia, nilileta matumizi, tulicheka na wewe. Lakini nilimnyima kitu kimoja, nilikataa kutafuta nyumba nyingine. Alipokuwa akisema amesikia kiwanja fulani kinauzwa, nilikuwa najibu, “Nenda kwanza kawaulize wenyewe wanaume kwa wanawake, mpaka wajukuu.” Nilikuwa naona ni mzaha. Baadaye akaacha kuniambia. Ule muda tungeweza kupata. Vilikuwapo vingine, halali kabisa, vya watu waliokuwa wanauza, mke na mume wamekaa kiti kimoja. Mimi ndiye niliyeuacha muda ule upite kwa kununa.

Halafu akaanza kuumwa, na hayo unayakumbuka mwenyewe. Akiba tuliitumia kwenye matibabu na sijutii hata kidogo. Alilazwa hospitali ya misheni, akatoka, akalazwa tena. Safari ya mwisho hakutoka.

Msiba tuliuweka kwa mjomba wako, kule Lizaboni, kwa sababu uwanja wa nyumba ya kupanga haukutosha na wapangaji wenzetu walikuwa na wagonjwa wao. Watu walinipa pole, nikapokea. Kila aliyesema “pole” nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe. Hakuna aliyeyajua isipokuwa mimi na yeye, na yeye alikuwa ndani, wanawake wamemzunguka.

Siku ya pili aliingia mwanamke na ndoo ya unga kichwani. Sikumtambua mpaka alipoitua. Alikuwa Otilia. Nilidhani nimechanganyikiwa. Alikuja akapiga goti kunipa pole, nami nikamuuliza amesikia wapi.

“Si nilikuwa simwoni,” akasema. “Alikuwa anakuja kwangu kila akipata nafasi, ananiletea dagaa. Nilipoona kimya nikafunga safari mpaka sokoni kumuuliza.”

Mama yako alikuwa anakwenda Maposeni, Wini. Mimi sikujua. Labda alijua kwamba akiniambia nitasema neno jingine. Otilia alikaa mpaka tulipozika. Ndiye aliyekuwa anakulisha, mama mwenye kitenge cha kijani aliyekubembeleza ule uji, ambaye ulikuja kuniuliza ni nani nikakujibu ni ndugu wa mbali. Ni yeye.

Sasa labda unategemea nikwambie kwamba alirudishiwa nyumba yake. Hapana. Fidelis aliiuza, kwa mtu mwingine, kwa njia ile ile aliyotuletea Kasimu. Otilia alikwenda kule alikoelekezwa na Salome, kesi ikafunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa, nauli za kwenda na kurudi zikamshinda, magoti yakaanza kumsumbua, akaacha. Alifia Maposeni. Waliomo kwenye ile nyumba ni watu wazuri, tunasalimiana. Wamejenga ukuta, na geti wamelinunua kwa fundi mwingine kwa sababu mimi nilikataa kazi ile nikisema nina nyingi. Wanalala vizuri, kwa kadiri ninavyojua. Sijui kama waliwahi kuambiwa habari za dirisha la chumba cha mwisho.

Kwa hiyo nisikudanganye kwamba wakili mzuri analeta faida. Watu wengi hupona kwa wakili mbaya. Wengine hawaponi, wanaamka siku moja na mwanamke yuko mlangoni na barua ya mahakama, na hapo anayetoka na magodoro ni mnunuzi, wakati muuzaji yuko mbali anakula. Lakini wengi hupona. Mimi nimekaa na hili jambo muda mrefu, nikijiuliza mama yako alipata nini kwa kukataa kwake, maana nyumba iliuzwa, Otilia hakurudi, na sisi tulibaki tulipokuwa. Sijapata jibu la kukuandikia hapa. Ninachojua ni kwamba kwenye msiba wake kulikuwa na mtu mmoja aliyetoka Maposeni na unga kichwani, na mtu huyo angeweza kuwa anatulaani.

Hii nyumba tunayoishi tuliinunua ukiwa kidato cha pili. Nilipoipata sikumtafuta wakili mwingine. Nilipanda zile ngazi za juu ya duka la simu nikiwa na aibu ya miaka, nikiwa sijawahi kumsalimia tangu siku ya Maposeni hata tulipopishana barabarani. Salome alikuwa amenenepa kidogo na ameweka mtu wa mapokezi. Alinikaribisha kama mteja yeyote. Akauliza maswali yake yale yale, na safari hii nilikaa kimya nikamwacha aulize. Alimwona mke wa muuzaji, akawaona watoto wakubwa, akaridhika.

Siku ya kusaini nilikuja na wewe, nikitaka uone. Salome alipanga karatasi mezani, akaangalia mlangoni nyuma yetu, akasema, “Mama tumsubiri? Nimeandaa majina mawili.”

Alikuwa hajasikia. Songea ni mji mdogo lakini si kila msiba unafika kila mahali. Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema, “Mama alifariki,” kwa sauti ile ya mtoto wa shule anayejibu swali darasani, umesimama wima na sketi yako ya bluu.

Salome alivua miwani. Alitoka nje, tukamsikia anajipenga kule koridoni. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema, “Mama yako alirudi hapa wiki ile ile tuliyokwenda Maposeni. Alileta malipo yangu yaliyobaki, na mimi nilikuwa nimeshasema simdai kwa sababu nyumba haikupatikana. Akasema kazi nimeifanya. Mimi nimewakosesha watu wengi nyumba. Aliyepanda ngazi kuja kunishukuru ni yeye.”

Baada ya hapo akachukua karatasi zile zenye majina mawili, akazigeuza juu chini, akamwambia mtu wa mapokezi aandae nyingine. Tulisubiri. Printa ilikuwa inatoa karatasi moja moja. Wewe ulikuwa unaangalia dirishani, mimi nilikuwa naangalia jina la mama yako likionekana kwa nyuma ya karatasi, kinyumenyume, na nilitamani kusaini zile, hata kama sheria haikubali.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo rohoni leo mchana ulipokuwa ukizungumza uani.

Wewe ni mtu mzima. Fedha ni zako, umezitafuta kwa zamu za usiku, na kama ukiamua kwenda kwa yule wakili wa muuzaji sitakuja Njombe kukuzuia. Ila nakuomba usimwache huyu wako kwa sababu anakuchelewesha. Mpigie, mwambie samahani kwa maneno ya leo. Samahani ya siku hiyo hiyo ni rahisi, ikilala inakuwa nzito, mimi yangu imenishinda mpaka leo na wa kumpa hayupo. Halafu mwombe mwende naye Makete. Usimtume peke yake. Huyo mama ni lazima akuone wewe uso kwa uso, na wewe umwone yeye, kwa sababu mkishaonana hutaweza kujidanganya, uamue hivi au vile. Chukua kitu mkononi. Mwamkie, kaa atakapokuonyesha, na ukipewa cha kunywa, kunywa. Mwache wakili aulize. Jibu likichelewa, usimsaidie kujibu.

Huenda atakubali. Huenda anaijua biashara hiyo tangu mwanzo na amechoka tu kusafiri, na mtacheka, na mwezi ujao utanitumia picha ya funguo. Naomba iwe hivyo. Niko tayari kuja kukupimia madirisha.

Huenda atakataa. Basi mshukuru, urudi Njombe na uchungu wako, na nyumba hiyo uipendayo ataichukua mtu mwingine. Itauma, Wini. Najua umeshachagua chumba cha kulala, umeshapanga meza itakaa wapi. Usiku huo nipigie simu, saa yoyote. Sitakwambia kwamba ulifanya vizuri, sitakwambia utapata nyingine, wala sitakuwa na neno lolote. Nitakaa tu upande huu wa simu mpaka umalize kulia.

Baba yako